Mita Hamsini za Kamba Yangu

Nyinyi vijana mnaokimbia alfajiri kwenye barabara ya Kiirua, mkijiandaa kwa siku ya kuandikishwa jeshini, nawaona kutoka kwenye lango langu nikiwa na kikombe cha chai. Nawaona mkisimama kila baada ya dakika mbili kuangalia saa zenu za mkononi. Mmoja alinionyesha yake juzi: inahesabu hatua, inapima moyo, inasema hata umelala vipi. Nikamuuliza, na ikikosea utajuaje? Akacheka. Alidhani mzee anatania.

Sikuwa natania. Nimefanya kazi hiyo ya saa yako kwa miaka ishirini na mitatu, kwa macho, vidole, filimbi na karatasi. Nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika kambi ambayo jina lake sitalitaja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupima makuruta: huyu ana nguvu kiasi gani, yule pumzi yake inafika wapi, nani abaki, nani abebe sanduku lake arudi kwao. Watu hudhani mwalimu wa namna hiyo kazi yake ni kupiga kelele. Kelele mtu yeyote anaweza kupiga. Kupima ndiko kugumu.

Chukua pushapu. Mnanionyesha hapa barabarani mnapiga sitini, na ukweli ni kwamba nyingi ni za kuinamisha shingo tu. Sisi tulikuwa tunamlaza mwenzako kando yako, anaweka ngumi chini ya kifua chako, na kifua kisipogusa ngumi hakuna kilichotokea. Huwezi kubishana na ngumi. Kuruta alikuwa anahesabu mwenyewe kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa. Anaanza vizuri: moja, mbili, tatu, kama redio. Akifika arobaini na kitu, jasho likiingia machoni, Kiswahili kinamtoka. Unasikia anarudi kwa mama yake: imwe, ijiri, ithatu, inya. Mwalimu mgeni alikuwa anakasirika akisikia Kimeru uwanjani. Mimi nilikuwa natulia nikiandika, kwa sababu nilishajua kwamba kuruta akianza kuhesabu kwa lugha ya nyumbani amebakisha pushapu tano, sita akiwa mkaidi. Makuruta wa Embu na Mbeere walikuwa hivyo hivyo kwa lugha zao. Sijawahi kuona saa ya mkononi inayopima hilo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Njeru, mtu wa Embu, mwembamba, asiyeinua sauti. Wiki yangu ya kwanza alinipa kuruta nimpime mapigo ya moyo baada ya kupanda na kushuka benchi kwa dakika tano. Nikamshika kifundo cha mkono kwa kidole gumba, nikahesabu, nikaandika sabini na sita. Njeru akaitazama karatasi, akamtazama kuruta, ambaye alikuwa anahema mdomo wazi, kisha akaniambia, "Sasa nipimie mguu wa hii meza."

"Meza, afande?"

"Si una mkono? Pima."

Nikashika mguu wa meza kwa kidole gumba, kwa adabu zote. Nikahesabu. Nikamwambia nimepata sabini na nne.

"Basi meza iko fiti," akasema. "Iandike pia, iende vitani."

Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe. Nilikuwa najipima mimi. Toka siku hiyo natumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, na hata nikimshika mgonjwa mkono hospitalini kumsalimia vidole vinaenda hapo vyenyewe. Mke wangu hapendi tabia hiyo.

Mengine nilijifunza bila Njeru. Kuruta mmoja alikuja kupimwa akiwa amekaa tu, hajakimbia, na moyo wake unaenda mbio kama amefukuzwa na nyuki. Akasema ni hofu. Nikamwambia afungue mdomo, nikaona majani. Alikuwa ametafuna miraa tangu asubuhi ili achangamke. Nilimpeleka akalale, nikampima kesho yake, akawa mzima kabisa. Kwa hiyo kama mna mpango huo, acheni. Watu wa kwetu tunaijua hiyo rangi ya meno hata kwa mbali.

Ngoja sasa niwaeleze habari ya kamba, maana ndiyo hasa iliyonifanya nikae chini niandike.

Kambi yetu ilikuwa juu huku, upande wa Kiirua, kwenye baridi na ukungu. Lakini wiki za mwisho za mafunzo tulikuwa tunateremka na makuruta hadi uwanda wa Siakago, kwenye joto na vumbi, na jaribio la mwisho la mbio lilifanyika huko: kilomita mbili na mita mia nne kwenye barabara ya murram, ya udongo isiyo na lami, iliyozunguka na kurudi karibu na mahema, kwa muda uliowekwa. Ukishindwa mara ya kwanza, Kiirua, unapewa nafasi ya pili Siakago. Ukishindwa ya pili, unarudi nyumbani.

Tulikuwa na gurudumu la kupimia njia, lile la kusukuma kwa mpini. Likavunjika, na kila nikiomba lingine naambiwa linakuja. Nikaamua kutengeneza kamba yangu. Nilinunua kamba ya katani, nene kama kidole, nikainyoosha kwenye nyasi za kambi, nikaazima futi ya chuma ya fundi, nikapima mita hamsini kamili, nikafunga kitambaa chekundu. Niliipima mara tatu. Nilijivunia kamba ile kupita kiasi. Nikiwa na koplo wangu upande mmoja na mimi upande mwingine, tukiivuta ikakaza, mara arobaini na nane zinatupa njia nzima, na kila mwisho wa kamba tunapiga kigingi.

Katika kundi moja kulikuwa na kuruta anayeitwa Weveti. Msichana wa Mbeere, mrefu, mkimya, mwenye miguu ya mtu aliyefuata mbuzi utotoni. Kwao ni mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka pale tulipopiga mahema Siakago. Kiirua alishindwa mbio, na sikushangaa. Mtu wa chini akipandishwa kwenye hewa yetu nyepesi, wiki za mwanzo kifua kinamkataa. Siakago nilitarajia apite. Alitarajia pia yeye. Umri ulikuwa unampita, hangeweza kujaribu tena mwaka unaofuata. Na kanisa lao zima lilikuwa limemsindikiza kwa maombi siku ya kuondoka. Wenzake wakishindwa walikuwa wanapakiwa kwenye lori, wanashukia mbali ambako hakuna aliyewaona wakilia. Yeye angetembea na sanduku kichwani kupitia sokoni kwao, watu wakimtazama.

Akakimbia vizuri. Akafika kigingi cha mwisho sekunde kumi na moja baada ya muda. Nikaandika: ameshindwa. Walikuwa wanne walioshindwa siku ile, wanaume watatu na yeye.

Wengine walikaa chini. Yeye alikuja pale koplo alipokuwa anakunja kamba, akaishika, akaipitisha kwenye vidole.

"Afande, naomba kuuliza kitu. Si kujitetea."

"Uliza."

"Hii kamba uliipimia wapi?"

"Kiirua."

"Kulikuwa kumenyesha?"

Nikamwambia Kiirua siku zote kumenyesha, na aende akajifunge mizigo.

"Mama yangu ni mtu wa kusokota kamba," akasema, bado ameishika. "Anauza hapo soko ya Siakago, za kufunga mbuzi. Hawezi kukupimia kamba ikiwa imelowa, hata umsihi vipi. Katani ikilowa inajikunja, inakuwa fupi. Akikupimia hivyo, ikikauka inarefuka na wewe unaenda na zaidi."

"Sasa?"

"Sasa wewe ulipima ikiwa imelowa, afande. Hiyo zaidi ndiyo sisi tumekimbia."

Nawaambia nilivyojibu, ingawa sijivunii. Nilisema, "Kuruta akikosa pumzi hulaumu hata mawe. Umekimbia pole pole, sasa unashtaki kamba."

Hakubisha. "Sawa afande. Mimi nimeshindwa. Lakini hiyo kamba nayo ipimwe."

Akasimama wima, akaondoka.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyeguswa mahali panapouma. Nikaketi kwenye mlango wa hema kuandika ripoti. Jua lilikuwa bado juu. Mbele yangu kamba za hema zilikuwa zimelegea kwa ukavu, na hapo nikakumbuka kitu cha kipumbavu. Kule Kiirua mvua ikianza, mtu wa kwanza kupiga kelele ni mimi: legezeni kamba za hema kabla hazijang'oa vigingi! Miaka na miaka nalegeza kamba kila mvua ikinyesha, na sikuwahi hata siku moja kukaa nikajiuliza kama ile niliyoilaza kwenye nyasi zenye umande inafanya hivyo hivyo.

Nikamtafuta fundi aliyekuwa anajenga stoo jirani, nikaazima futi yake ya chuma. Koplo akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaivuta kamba kama tunavyoivuta siku zote. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye mita hamsini na moja na sentimita ishirini. Tukarudia. Ikawa ile ile. Koplo alikuwa ameanza kupiga hesabu kwa midomo, arobaini na nane mara sentimita mia moja na ishirini, kisha akaniachia nimalizie mwenyewe. Ilikuwa karibu mita hamsini na nane. Tukapima barabara upya kwa chuma, nikapiga kigingi kipya pale njia ilipopaswa kuishia. Nikasimama katikati ya kigingi kipya na cha zamani, nikatazama ile barabara iliyobaki kati yao. Mtu anayekimbia kama Weveti huipita kwa sekunde kumi na saba hivi. Yeye alishindwa kwa kumi na moja.

Nikaenda kwa kapteni wetu, kijana mstaarabu aliyependa karatasi zake ziwe safi.

"Sajini, orodha nimeshatia sahihi. Kesho saa sita inaenda na lori."

"Ndiyo, afande. Lakini si kweli."

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Unataka niwaandikie wakubwa kwamba tumekuwa tukipima jeshi na kamba ya mbuzi?"

"Kamba ya mbuzi ingekuwa afadhali, afande. Hiyo hupimwa ikiwa kavu."

Hakucheka. Nikamwomba wale wanne wapewe siku moja ya kupumzika ndipo wakimbie upya. Akakataa, orodha ilikuwa na saa yake. Nikamwomba basi tukubali hesabu, kwa sababu umbali wa kweli tunaujua. Akasema hesabu haikimbii. Watarudia kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa njia iliyopimwa upya, na jina litakaloandikwa kwenye maelezo ya kosa ni langu. Nikasema sawa.

Kosa la kupima lina ubaya huu, vijana: ukishampima mtu vibaya umeshamchosha. Miguu niliyoitumia bure siku ile ndiyo hiyo hiyo niliyoiomba kesho yake. Nilimwambia Weveti mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba kamba ilikuwa ndefu na kosa ni langu. Akasema "Ndiyo afande," akaenda kulala mapema.

Asubuhi wakapanga mstari, wanne tu, hewa ikiwa bado na ubaridi kidogo. Nikashika saa ya kupimia mbio kama nilivyoishika maelfu ya mara, na nikagundua siuamini mkono wangu. Nilikuwa nataka apite. Nilikuwa nataka sana. Nikajiuliza, akifika pale kwenye kigingi na sekunde zimeisha, hiki kidole kitabonyeza lini? Kidole kinaweza kudanganya kwa sekunde mbili bila hata kukuambia. Nikampa koplo saa. Akanitazama, hajaelewa. Nikamwambia, "Wewe huna deni na huyu mtu. Pima."

Kisha nikaenda hatua ishirini, nikageuka, nikaipa njia mgongo. Walimu wengine walidhani nasali. Nilitazama kichaka na punda mmoja wa mtu. Niliwasikia wakienda, miguu ikipotea, halafu kimya kirefu, halafu miguu inarudi. Ya kwanza mizito, mwanaume. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa myepesi lakini inaburuza, na pumzi inatoka na sauti, mtu anahesabu hatua zake, na hakuwa anahesabu kwa Kiswahili. Nikajua amebakiza kidogo sana.

Kisha nikasikia koplo akisoma kwa sauti moja ile ile ambayo angesomea orodha ya mahema. "Weveti. Sekunde tatu ndani ya muda."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Wa nne alishindwa kwa dakika nzima, akanipa mkono, akabeba sanduku lake. Yeye alikuwa amepimwa sawasawa, na alijua.

Weveti alipopata pumzi alikuja. Nikadhani anakuja kushukuru, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani. Alishukuru kweli. Kisha akauliza, taratibu, kama alivyouliza habari ya mvua, "Na wale wa mbele yetu, afande?"

"Wa mbele wapi?"

"Waliokimbia hapa na hii kamba kabla yetu."

Makundi mawili yalikuwa yamepita kwenye kamba ile. Katika furaha yangu yote sikuwa nimewakumbuka.

Nilirudi kwenye karatasi. Nikawapata watano walioshindwa hapo Siakago kwa sekunde chache kiasi kwamba njia ya haki ingewapitisha. Nikaandika barua. Jibu lilikuja baada ya miezi: muda wa kusahihisha umepita, kamba ichomwe, sajini aonywe. Kamba niliichoma. Onyo lilikaa kwenye faili langu hadi nikastaafu, na sikulalamika.

Baada ya kustaafu nilianza kuwatafuta wale watano. Wawili sijawapata hadi leo. Mmoja alishafariki, nikazungumza na dada yake. Mmoja ni mwalimu, alinisikiliza kwenye simu, akasema alishasahau, akakata kabla sijamaliza, na nadhani hakuwa amesahau.

Wa tano ni Mutwiri wa Mikinduri. Nilimkuta kwenye kibanda chake sokoni, anafunga miraa vifurushi, amenenepa. Alinitambua kabla sijasema jina. Akasimama wima na kifurushi mkononi, kisha akajicheka.

"Afande! Umekuja kuniandika tena?"

Tukaketi. Akaniambia habari zake bila kuulizwa. Aliporudi na sanduku, watu walimuuliza kilichomrudisha, naye akawajibu alichoamini, kwamba kifua chake ni kibovu. Toka hapo alijitunza. Mpira aliacha. Shamba la miraa analo, la baba yake, lakini hapandi juu ya miti yake mwenyewe. Huajiri watu wampandie na kuvuna, yeye anasimama chini.

"Si unajua, daktari sikuenda," akasema. "Nyinyi mlikuwa mmeshapima."

Nikamweleza kamba. Nikamweleza umande wa Kiirua na jua la Siakago na zile mita hamsini na nane. Nilikuwa na karatasi yake, nikamwonyesha: ulikosa kwa sekunde sita, na nilikuwa nimekuongezea njia ya sekunde kumi na saba. Kifua chako hakikuwa na kitu. Ulipita.

Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Alikuwa ameacha kufunga. Kisha akaangalia nyuma ya kibanda, ambako mkewe alikuwa anapanga majani ya mgomba ya kufungia, na baba yake mzee amekaa kwenye kreti.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "hilo la mwisho, rudia. Lakini kwa sauti ya uwanjani."

Nikasimama, nikanyoosha mikono kwenye mapaja, nikapaza sauti hadi soko likageuka.

"Kuruta Mutwiri! Amefaulu!"